Tanuri la Kipili na Upepo wa Pande Mbili

Tangu nirudi, kila anayekutana nami anaangalia kwanza juu ya macho yangu, halafu ndipo anakumbuka kusalimia. Nyie wenzangu wa chumba cha walimu mmeshajitungia majibu: mara jiko la gesi, mara dawa ya nywele, mara nimekwenda kwa mganga. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwenye korido. Naandika mara moja, msome wote, halafu mniache nisahihishe mitihani kwa amani. Nyusi zangu ziliungulia Kipili, kwenye tanuri la matofali, na aliyeziunguza ni upepo.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama mkwe, mimi nilikuwa mbeba mizigo tu. Mama mnamjua, Bi Skolastika, yule anayepita shuleni kuniletea maharage na kuwauliza nyie kama kweli ninafanya kazi. Mdogo wake, Mjomba Deogratias, alishuka Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, miaka mingi iliyopita kununua dagaa, akaoa hukohuko, akabaki. Kiangazi chote hiki alikuwa anafyatua matofali ya nyumba yake. Yalikauka, akayapanga tanuri, akakusanya kuni. Kilichobaki ni kuwasha moto, na hapo ndipo penye shughuli, kwa sababu katika ukoo wao aliyefyatua matofali hawashi tanuri. Anawasha dada mkubwa. Baba yao ndivyo alivyowazoesha, na mama amewasha matanuri ya ndugu zake wote kuanzia wa kwanza hadi huyu wa mwisho.

Mwaka jana mjomba alimsubiri dada yake vilevile. Mama akashikwa na nyonga, akalala ndani wiki nzima, na mvua ikanyesha. Tofali bichi likinyeshewa halina ubishi, linarudi kuwa udongo. Mkewe mjomba, Mama Suzi, ambaye amelea watoto wake wote kwenye chumba cha kupanga, hakupiga kelele. Alisema tu kwa sauti ya kawaida kwamba yakiyeyuka tena mwaka huu, yeye anarudi kwao. Anayemfahamu Mama Suzi anajua kwamba akisema kwa sauti ya kawaida ndipo pa kuogopa. Kwa hiyo mjomba alipopiga simu mwanzoni mwa Novemba, alikuwa anaongea kama mtu aliyekaa mbele ya hakimu. Shule ilikuwa imefungwa kwa mapumziko mafupi, mume wangu ana zamu kazini, nikasema nitampeleka mama.

Mazwi hadi Chala

Asubuhi tulipotoka Mazwi, hapa Sumbawanga, upepo ulikuwa uleule wa kiangazi chote, mkavu, unaotoka kusini-mashariki na kupasua midomo. Redio ilikuwa imesema ukanda wa mvua unasogea kutoka upande wa Kongo. Kwa nyie mnaofundisha historia nitaeleza kidogo, mnivumilie. Huku kwetu kuna pepo mbili zinazogombea nafasi. Mmoja ni huu mkavu wa kusini-mashariki. Mwingine unatoka Kongo, una unyevu wa misitu, na ukishavuka Ziwa Tanganyika unakuwa mzito zaidi. Zinapokutana hazichanganyiki kirahisi. Unatokea mpaka, mstari mrefu kabisa, na kwenye mstari huo hewa yenye unyevu inasukumwa juu, inapoa, inakuwa mawingu, inakuwa mvua. Mstari wenyewe hautulii. Siku moja unasogea mashariki, kesho unarudi nyuma, keshokutwa unasogea tena.

Kwenye vitabu vyetu mipaka ya hewa imechorwa kwa mistari yenye meno kama msumeno, na mifano yote ni ya Ulaya, hewa ya baridi inaisukuma hewa ya joto. Nimeichora ubaoni miaka yote. Kidato cha nne wote waliopita mikononi mwangu wanajua meno yanaelekea upande gani. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuuona mpaka wa hewa kwa macho, na kwa kweli hiyo ndiyo sababu ya pili iliyonifanya nikubali safari.

Tukiwa ndani ya basi mama akaniuliza, "Mwalimu, hiyo mvua yako inafika lini?"

Huwa ananiita Mwalimu akiwa na jambo.

"Kwa ninavyoona mimi, mama, tuna siku nne hivi."

"Siku nne." Akafungua kikapu, akafunga. "Basi nafasi ya kumsalimia Yozefina ipo."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema kesho, tungepita Chala moja kwa moja. Lakini mwalimu wa jiografia akiulizwa hali ya hewa hawezi kusema hajui.

Chala, kwa Yozefina

Yozefina ni binti wa baba mdogo wake mama. Kumsalimia kulikuwa kwa kusimama mlangoni, ndivyo mama alivyomwambia kondakta. Kondakta alicheka, akatushushia mizigo yetu yote bila kuuliza zaidi. Nadhani ameshabeba kina mama wengi wa Kifipa.

"Shikamoo mama," nikamwambia Yozefina.

"Marahaba mkwe wetu. Mbona umekonda? Kwenu Tukuyu si mnakula ndizi asubuhi na jioni?"

Wakaanza Kifipa, ambacho mimi naelewa nusu, na nusu ninayoelewa kila mara ni ile inayonihusu. Wakati basi linapiga honi kuondoka, Yozefina alikuwa anafukuza kuku. Nikajaribu kusema kwamba tuna haraka, kuna tanuri, kuna mvua. Akasimama, kuku mkononi, akaniangalia kwa huruma.

"Mvua gani, mwanangu? Huoni jua?"

Tulikula ugali wa ulezi na yule kuku, na maharage juu yake, na uji kwa ajili ya njiani. Sitasema chakula kilikuwa kibaya. Kilikuwa kitamu kiasi kwamba nilisahau kuangalia mawingu. Nilipotoka nje kunawa, niliona upande wa magharibi, mbali kabisa, mstari mweupe wa mawingu umelala sambamba na upeo, umenyooka kama ukingo wa meza. Nikamwita mama aje aone.

"Mazuri," akasema. "Si yako mbali?"

Basi lingine halikupita. Tulipata lori la kijana mmoja anaitwa Gervas, linateremka Kipili na magunia ya mahindi, na kurudi na dagaa. Mama alikaa katikati kwenye kiti cha mbele, mimi dirishani, na Gervas akaongea njia nzima. Aliuliza kama tunakwenda kwenye msiba. Mama akasema tunakwenda kuwasha moto. Akawa anamwangalia mama kwa jicho la pembeni, mpaka nilipomweleza kuhusu tanuri. Baadaye alikiri kwamba alikuwa anafikiria watu wa Sumbawanga wanavyosemwa huko mjini kwamba ni wachawi, na alikuwa anatafuta pa kutushusha.

Namanyere

Gervas hateremki milima jioni, kwa hiyo tulilala Namanyere kwenye nyumba ya wageni. Mama alimpigia mjomba kumwambia kesho tunafika. Mjomba akauliza, "Kesho saa ngapi, dada?" akauliza tena, na nyuma yake nikamsikia Mama Suzi anakoroga kitu kwenye sufuria.

Kulipokucha nilitoka uani kupiga mswaki. Bendera ya nyumba ya wageni ilikuwa imelala kwenye mlingoti. Upepo wa kiangazi, ule uliotusindikiza tangu Mei, haukuwepo. Nikasimama na mswaki mdomoni. Kisha bendera ikatikisika, ikainuka taratibu, ikaelekea mashariki. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, laini, una unyevu, unanukia majani mabichi. Ule mstari wa jana ulikuwa umetufikia na kutupita. Siku nne zangu zilikuwa zimekwisha baada ya moja.

Nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Wageni walitoka vyumbani, mwingine na kandambili mguu mmoja, mwenye nyumba akaja mbio na fimbo.

"Umeibiwa?"

"Hapana! Upepo umegeuka!"

Wote wakaniangalia, wakaangalia mswaki, wakarudi ndani. Mwenye nyumba alimuuliza mama kwa sauti ya chini kama ninatumia dawa. Mama akamjibu kwamba ni mwalimu, na ikawa imetosha. Lakini alipofika karibu yangu hakuwa anacheka. Aliangalia bendera, akaangalia magharibi, akaniambia, "Mwamshe Gervas."

Kuteremka

Kutoka uwanda wa Ufipa kwenda ziwani ardhi inaanguka. Barabara ya vumbi inajikunja kwenye milima, upande mmoja mwamba, upande mwingine miti iliyo chini yako. Tulikuwa hatujafika nusu mvua ilipotupiga. Haikuanza na matone. Ilianza yote. Gervas alisogeza lori taratibu, gurudumu la nyuma likateleza, likaingia kwenye mfereji, na tukasimama tumeinama upande.

Mama alitoa rozari. Alisali kwa utulivu mafungu mawili, halafu akaacha katikati, akaanza kulia. Sijawahi kumwona mama mkwe akilia, hata kwenye msiba wa baba mkwe alijikaza.

"Yamekwisha," akasema. "Matofali ya mdogo wangu yamekwisha. Mimi nilikuwa nakula kuku."

"Ni mimi mama niliyesema siku nne."

"Wewe ulisema. Mimi niliyeshuka kwenye basi nina miguu yangu."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Niliumia, na nilijiona mjinga, kwa sababu katika kuusubiri mpaka wa hewa nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu anasubiri nyumba. Simu hazikuwa na mtandao. Tulibaki tunaangalia maji mekundu yanavyokimbia barabarani kuelekea chini, kuelekea Kipili, na kila mmoja wetu alikuwa anaona tanuri linavyoporomoka.

Mvua iliacha ghafla kama ilivyoanza, jua likatoka, na pale pale ardhi ikaanza kutoa kumbikumbi. Wale mliokulia mjini, kumbikumbi hutoka baada ya mvua za kwanza, wanaruka kwa wingi, na Mungu aliwaumba wawe na mafuta. Kulikuwa na magari mengine mawili yamekwama nyuma yetu. Abiria wote walioshuka kusukuma waliacha kusukuma. Watu walivua kofia, wakatoa khanga, ndoo, kifuniko cha chungu. Dereva wa gari la nyuma alikuwa anawakusanya kwenye soksi. Gervas aliwatafuna wabichi, na mabawa mengine yakabaki kwenye ndevu.

"Jamani, lori!" nikasema.

"Lori halina mabawa, Mwalimu," akanijibu. "Litatusubiri."

Mama naye, macho bado mekundu, alikuwa ameshakunja upande mmoja wa khanga yake. "Wifi yangu anawapenda," akaniambia, kama anayejitetea. "Angalau tusifike mikono mitupu." Wakati lori linanyanyuliwa kutoka mfereji, na watu wa magari yote matatu wanasukuma na kuimba, mimi nilikuwa nyuma kabisa ya gurudumu. Nilipata tope la mwili mzima.

Kipili, penye vumbi

Sasa nisikilizeni vizuri. Tulipofika chini barabara ilikuwa kavu. Nikadhani macho yangu yananidanganya. Gervas alikanyaga mafuta na vumbi likapanda nyuma yetu. Mbele ziwa lilikuwa linang'aa, mitumbwi imepangwa, dagaa wameanikwa kwenye mchanga wakiwa wakavu kabisa. Mimi na mama tukashuka tumepakwa tope hadi nywele, na watu wa mwalo, pale mitumbwi inapopakulia samaki, wakaja kutuangalia.

"Poleni. Mmeanguka wapi?"

"Mvua," mama akasema.

"Mvua ipi?"

Upepo wenye unyevu ulikuwa umevuka ziwa bila kupata cha kuunyanyua. Ulipofika milimani ndipo ulipolazimika kupanda, na ulipopanda ukamwaga mzigo wake wote pale pale, kichwani kwetu. Kipili waliona wingu tu, wakapata upepo. Tulikuwa tumelia kwa mvua iliyotunyeshea sisi wenyewe.

Tanuri lilikuwa nyuma ya nyumba za wauza dagaa, refu kuliko mimi, limekandikwa udongo vizuri, zima. Mama alilizunguka akiligusa kama anayekagua ng'ombe. Mjomba Deo, mtu mnene mwenye aibu, alimfuata nyuma akisema, "Karibu dada, karibu, pole na safari," bila kukoma. Mama Suzi alisimama mlangoni mwa chumba chake. Mama alipomkabidhi khanga yenye kumbikumbi, alifungua, akaangalia ndani, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

"Mmechelewa kwa ajili ya hawa?"

"Kwa ajili ya hawa na kuku," mama akasema.

Tulikula kumbikumbi waliokaangwa na ugali wa muhogo, na samaki mkubwa wa ziwani, mgebuka, juu yake. Mjomba alikuwa anaeleza mipango yake ya moto, Mama Suzi anamsikiliza huku anatazama milimani, ambako mawingu yalikuwa yamekaa kwenye vilele na hayaondoki.

Siku ya moto

Asubuhi hakukuwa na upepo kabisa. Ziwa lilikuwa limelala, moshi wa majiko unapanda wima. Mama alifurahi. Kwao huku juu, tanuri linawashwa kukiwa kumetulia ili moto ushike polepole na matofali yasipasuke. Lakini mimi nilijua utulivu ule umetoka wapi. Mstari ulikuwa umerudi nyuma usiku, umekaa juu yetu, pepo mbili zinasukumana na hakuna ulioshinda. Nikawaambia upepo utakaoshinda hatujui, na mvua haiko mbali. Moto ukiwa mchanga ikanyesha, matofali yatapasuka nusu yameiva nusu hayajaiva. Tusipowasha, yatayeyuka.

Mjomba alimwangalia dada yake. Dada yake aliniangalia mimi. Mimi baada ya zile siku nne nilikuwa naangalia chini. Aliyejibu ni Mama Suzi, amebeba ndoo ya maji.

"Washeni," akasema. "Mwaka jana tulisubiri. Nimechoka kutazama mawingu. Yakiharibika yaharibikie kwenye moto."

Mama akapiga ishara ya msalaba, akapiga kiberiti, akainama kwa shida na nyonga yake, akawasha mdomo wa kwanza. Midomo ni yale matundu ya chini yanayopita kutoka upande mmoja wa tanuri hadi wa pili, ndimo zinamoingia kuni. Mjomba alikuwa amejenga kama alivyofundishwa na baba yake uwandani: midomo inaangalia milimani, unakotoka upepo wa kiangazi, na upande wa ziwani ameziba kwa matofali. Huku juu hiyo ni sawa kabisa. Kando ya ziwa, mchana upepo unatoka majini.

Jua lilipopanda ukaanza kutoka majini kweli. Moto ukakosa pumzi. Moshi ukatoka kwenye midomo na kumfunika mjomba, akawa anakohoa na kuongeza kuni, kuni zinafuka tu.

"Mjomba, tufungue upande wa ziwani, tuzibe huku."

"Marehemu baba hakuwahi kufungua nyuma ya tanuri."

"Marehemu baba hakuwa na ziwa, mjomba."

Mama akacheka kwanza, mjomba hakucheka. Alifungua, kwa shingo upande, na upande wa milimani aliegesha matofali tu bila udongo, akisema upepo utarudi mahali pake na yeye hataki kukandika mara mbili. Moto ukavuta. Ukanguruma. Nilijisikia mtu mkubwa sana. Nikachukua kazi ya kuchochea mwenyewe, nimeinama mbele ya mdomo upande wa ziwani, nikiwaeleza watu wa mwalo waliokusanyika mambo ya shinikizo la hewa.

Nyuma ya tanuri, juu ya milima, mawingu yalikuwa yameota vichwa vyeusi, na tanuri lilikuwa limenizuia kuyaona. Mvua kubwa inapoanguka huipoza hewa, na hewa iliyopoa ni nzito, inateremka mlimani kama maji yaliyomwagwa na kutambaa chini mbele ya mvua yenyewe. Huo nao ni mpaka wa hewa, mdogo, joto mbele baridi nyuma, sawasawa na ule wa kitabuni. Nilisikia miti inavuma. Nilisikia Mama Suzi anasema, "Mwalimu, toka hapo!" Nikainua kichwa kuuliza kwa nini.

Matofali ya mjomba yaliyoegeshwa yalianguka, upepo wa baridi ukapita ndani ya tanuri kutoka upande hadi upande, na ulimi wa moto ukatoka kwenye mdomo ukanisalimia usoni. Nilikaa chini. Miaka yote nimeuchora ule mstari wenye meno, na siku ya kuuona ukaniuma.

"Umeungua?" mama akaniuliza, amenishika mashavu.

"Nyusi tu."

"Zitaota." Akanigeuza huku na huku. "Deo! Ziba huku, fungua kule, na safari hii kandika!"

Mjomba alikandika. Naapa alikuwa anajaribu kutocheka. Na matone ya kwanza yakaanza kuanguka, makubwa, yanayoacha alama kwenye vumbi. Mama Suzi alikuwa ameshakimbilia mwaloni. Sikumsikia alivyowaita, lakini nilimwona anarudi na watu nyuma yake, wamebeba maturubai ya kufunikia dagaa na makasia ya mitumbwi. Juu ya tanuri hapakuwa pameshika moto bado, palikuwa na uvuguvugu tu, na hapo ndipo mvua ingeingia. Walisimamisha makasia pande zote, wakainua turubai juu yake kama paa, na kila mtu akashika kona. Mama Suzi alipanda kwenye ngazi ya upande wa ziwani, akashikilia kamba kwa mikono miwili.

Mvua ilinyesha. Sasa ilikuwa ya Kipili kweli. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye kuta za tanuri, upepo unavuta turubai. Mtu mmoja aliachia kona, maji yakamwagika juu na kukasikika mlio wa kitu kupasuka. Mama Suzi alifumba macho. Mama mkwe, mwenye nyonga mbovu, alikuwa anachochea kuni chini akiimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya juu kuliko mvua.

Ilipopita tuliendelea kuchochea kwa zamu mpaka asubuhi, kisha wakaziba midomo yote. Tanuri likishazibwa linaachwa lipoe lenyewe siku nyingi. Ukilifungua mapema, umeliharibu. Hakuna aliyejua ndani kuna nini.

Kurudi

Shule ilikuwa inafunguliwa, tukapanda na Gervas na dagaa wake bila kujua kama yameiva. Mama Suzi alitusindikiza hadi kwenye lori, akatupa mgebuka wa kukausha, akasema asante. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Mvua sasa ilikuwa imepanda uwandani, mstari umesogea mashariki na umekaa, watu wapo mashambani na majembe, kila mtu njiani anafurahi. Mama alikuwa anaangalia mashamba ya watu na kushikashika rozari. Chala tulipita bila kushuka.

Jumamosi iliyopita tulikuwa uani Mazwi, mama anachagua maharage kwenye ungo, mimi nafua. Simu yangu ikaita. Ni Mama Suzi.

"Mwalimu, wifi yupo? Weka sauti kubwa."

Nikaweka. Mama akaacha maharage.

"Wifi?" mama akasema. "Wifi, niambie."

Tukasikia kitu kinagongana na kitu. *Ngi!* Kisha tena, *ngi!* Tofali bichi ukiligonga na mwenzake linalia kizito, kama ngumi kwenye godoro. Lililoiva linalia kama chuma. Mama aliweka ungo chini, polepole, maharage yakamwagika na hakuyaona.

"La pembeni," akasema. "Gonga la pembeni."

*Ngi.*

"La juu, pale palipoingia maji."

Kikasikika kizito, *du*. Kisha Mama Suzi akacheka, kicheko ambacho sikujua anacho.

"Hayo ya juu nitajengea banda la kuku, wifi. Mengine yote yanalia. Deo ameshaanza kupima msingi, anapima vibaya, nimemwacha. Krismasi mje. Mtalala ndani kwangu, hata kama ni kuta tupu."

Mama alifungua mdomo kujibu, machozi yakamtangulia. Akajifuta na ncha ya khanga, akainamia simu.

"Gonga tena," akasema.

Mama Suzi akagonga, akachukua mengine akagonga, na sisi wawili tukakaa chini uani tukisikiliza mpaka salio lake likaisha.